Jin Yenye Harufu ya Ziwa

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili nisijiachie mlango wa kutorokea. Si kosa la muke wangu, si la rafiki yangu, si la muzungu wa samaki. Ni mimi, na kinywa changu hiki, na pua yangu hii niliyokuwa nikiisifu kama vile nimeiagiza Ulaya kwa meli!

Wewe unayesoma, sogea karibu. Kama unakula, weka sahani chini kwanza. Mambo haya hayaendi pamoja na chakula. Na majina nimeyageuza yote, kwa hiyo usijisumbue kunitafuta sokoni.

Mimi ni mutu wa Nchelenge, hapa kando ya ziwa Mweru. Nilivuka kwenda Katanga ningali kijana. Mchana nilisukuma mikokoteni, usiku nikasoma. Miaka mitatu ya masomo ya usiku! Taa moja, wanafunzi mia mbili, mbu milioni. Nikapata sertifika. Mama yangu alikufa nikiwa kule kule, hakuiona. Niliporudi nilikuwa mutu wa pekee kutoka hapa mpaka Chienge (hivyo ndivyo nilivyosema mimi, hakuna aliyekwenda kuhesabu) anayejua Kifaransa cha kuamkia, Kingereza cha kusoma, na namna ya kukunja leso katika mfuko wa koti. Mugiriki mmoja mnunuzi wa samaki akanichukua niwe karani wa mizani.

Ni barazani kwa Mugiriki yule nilipoonja jin.

Unajua sheria ya siku hizi. Mutu mweusi anywe pombe ya mtama mpaka aote mkia, hakuna wa kumuuliza. Lakini pombe kali ya wazungu, hapana, ni kifungo! Sasa Mugiriki na wageni wake waliacha mabaki chini ya bilauri, na mwenye kuondoa bilauri zile alikuwa nani? Unanielewa. Mabaki ya kidole kimoja, ndani yake ganda la ndimu lililotafunwa na majivu ya sigara. Nikafumba macho nikameza. Pfu! Leo nikikumbuka nasuuza kinywa. Siku ile niliona mbingu na malaika wakiosha miguu.

Kutoka hapo nikajifanya profesa wa jin.

"Jin hainywewi kama maji ya kisima," niliwafundisha wavuvi pale penye mizani, na samaki wanawangojea kwenye jua. "Kwanza unasuuza kinywa. Kikombe kiwe cheupe, cha enameli, kisiwe na kovu. Ndimu itoke Kilwa, kisiwa chetu cha humu ziwani, maana kinapigwa na upepo wa ziwa pande zote nne. Matone saba. Ukitia nane, umepika mchuzi! Maji ya mtungi, kidogo tu, kama salamu ya mutu mwenye haraka. Unanusa mara tatu. Halafu unakunywa polepole, kidole cha mwisho kimesimama."

"Na kama kidole kimekatwa na nyavu?" mmoja akauliza.

"Basi wewe kunywa mtama, baba."

Walicheka, lakini walisikiliza. Hicho ndicho kilichoniharibu. Mutu akisikilizwa kila siku anaanza kujiamini mwenyewe.

Nilikuwa na rafiki, nitamuita Chola. Alifagia kwa muzungu mmoja aliyekuja kukaa karibu na maji, kazi yake kupasua samaki na kuwaangalia matumbo. Sisi tunapasua tupate kula, yeye anapasua apate kuandika! Siku moja Chola alikuja na chupa ya jin, nembo yake imebandikwa vizuri, kizibo chake juu.

"Munandi," akaniambia, maana kwa lugha yetu ndivyo tunavyoitana rafiki kwa rafiki, "hii imetoka kwa muzungu wangu. Onja."

Nikafanya ibada yangu yote. Enameli, ndimu, matone saba, kidole juu. Nikatikisa kichwa.

"Ina nguvu, lakini haina roho. Ni kama kuoga na nguo mwilini."

Chola akajikuna shingo. Baada ya siku chache akarudi na chupa nyingine ya nembo ile ile. Hii ilikuwa na rangi kidogo, kama maji yaliyopitiwa na chai. Nikanusa. Nikanusa tena. Mayo, mama yangu! Kulikuwa na kitu ndani yake, kitu kizito, cha zamani, cha chini kabisa.

"Hii ndiyo jin!" nikapiga goti. "Unasikia? Ina harufu ya ziwa! Wale waliopika hii walikaa kando ya maji makubwa!"

"Ziwa liko ndani, kweli," Chola akasema, akiangalia miguu yake.

"Uniletee ya namna hii tu. Ile ya kwanza wape watoto wanaojifunza."

Na ndivyo nilivyochagua jin yangu ya kupenda kuliko zote. Nusu mwaka nilikunywa ile. Niliisifu mpaka wavuvi wa Kilwa waliisikia sifa yake bila kuiona. Nilijipaka tone moja nyuma ya sikio siku ya Jumapili, nikakaa kanisani katika benchi la mbele. Nyuma ya sikio, jamani! Na watu walisogea, nami nikafikiri ni heshima!

Sasa nikuambie juu ya mama mukwe wangu.

Alikuwa anapika kachasu, ile pombe kali ambayo ng'ambo ya Kongo wanaiita lutuku. Nayo ni marufuku, askari wa boma wakiikuta wanavunja vyombo na kuchukua mpishi. Lakini yeye alipikia mahali penye matete, na bomba lake lilipita ndani ya mtumbwi mkuukuu uliojazwa maji ya ziwa, ili mvuke upoe uwe matone. Wanywaji walisema hakuna mkono kama wake pande hizi zote. Mimi sikuwahi kuonja. Mimi, mutu wa sertifika, ninywe kitu kilichopita kwenye mtumbwi?

Na hata kama ningetaka, nisingeweza kunywa kwake. Kwetu mukwe haangaliani uso kwa uso na mama mukwe, wala hali nyumbani kwake, mpaka familia ya muke iridhike naye. Siku hiyo wanapika vyakula vyao vyote, kila namna, wanakuletea na ngoma, wanafunua chungu baada ya chungu: ona, hiki ndicho tunachokula, siku ukija kwetu utapewa hiki. Ndiyo amatebeto. Wewe unaonja kila kitu. Baadaye wanakuingiza ndani ya nyumba, na tangu hapo wewe ni mutoto wa mule. Kabla ya hapo wewe ni mukwe wa uani, unakaa penye ua na kuku.

Miaka minne nilikaa na kuku. Na nitakuambia jambo ambalo sikumwambia mutu: nilikuwa naitaka nyumba ile sana. Nilikuwa nikisimama kando ya ua, nasikia mama mukwe anacheka ndani na muke wangu Mwape na binti yetu Kaluba, nasikia harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, nikajisemea, siku moja na mimi nitakuwa na mahali pa kusema "mama, nina njaa."

Siku ikafika. Mchana mweupe, jua la kupasua vichwa. Wanawake walikuja wamepanga mstari, vyungu vichwani, ngoma mbele. Aliyewaongoza alikuwa mayosenge wa Mwape, ndiyo kusema shangazi yake, mwanamke mwenye sauti ya kuvunja ukuni. Mama mukwe mwenyewe alikaa nje ya ua wangu, amegeuza mgongo, kitambaa kichwani, kama desturi inavyotaka. Hatuonani, lakini kusikia anasikia. Kando yangu aliketi shibukombe, yule muzee aliyenisemea posa kwa wakwe. Mutu mwema, meno mawili, hajawahi kusema uongo isipokuwa siku aliyonisifu mimi.

Mayosenge akapiga magoti, akafunua.

"Mukwe, hii ni sombe yetu na karanga. Ukikuja kwetu, tutakupa hii."

Nikaonja. Nzuri.

"Hii ni kuku, nzima, na firigisi yake. Hatukuficha kitu."

Nikaonja.

"Hii ni mpumbu, samaki mwenye mayai. Mama ya muke yako alimuchagua yeye mwenyewe, asubuhi ya leo."

Nikaonja, nikalamba na kidole.

Chungu cha mwisho hakikuwa chungu. Ilikuwa chupa, imefungwa kwa jani la mgomba, kando yake vikombe viwili vipya vya enameli nyeupe.

Mayosenge akashusha sauti. "Na hii, mukwe, mama ya muke yako alisikia unapenda ile nyeupe ya bazungu. Hakuijua. Aliuliza-uliza batu. Akapika mara mbili, akachuja na makaa, akatia majani ya ndimu. Wiki tatu! Na baaskari wanapita kule. Anasema: hii si ya kuuza. Ni ya mukwe yangu peke yake."

Unasikia hayo? Mwanamke yule alinipikia jin. Alisikia upuuzi wangu wa penye mizani ukipita mdomo kwa mdomo, akauamini. Hata kikombe kilikuwa cheupe, hakina kovu.

Na mimi nilifanya nini? Wanawake wote wananiangalia, na majirani wako juu ya ua kama ndege, na profesa ndani yangu akaamka. Nikatia kidogo kinywani. Ulimi ulitaka kusema kitu. Nakuapia, ulitaka kusema kitu! Sikuungoja. Nikatema mate chini, mbele ya magoti ya mayosenge.

"Hii," nikasema kwa sauti ya kufika nje ya ua, "ni ya kuwashia taa. Jin haina harufu ya shamba. Ngojeni niwaonyeshe jin."

Ngoma ilinyamaza yenyewe.

"Baba Kaluba," muke wangu akaninong'oneza, "acha. Nakuomba, acha."

Sikuacha. Nikaingia ndani nikaleta chupa yangu ya kupenda, iliyobaki robo. Nikachukua vile vikombe vya mama mukwe, ndiyo, vyake! Nikammiminia shibukombe, nikajimiminia mimi mpaka chupa ikakauka. Na pamoja na tone la mwisho, kitu kikateleza shingoni mwa chupa, kikaanguka ndani ya kikombe changu. Kikaratasi kigumu, kidogo kama ukucha, kimefungwa uzi.

"Ni nini kile?" shibukombe akauliza.

Nikakitoa. Kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu ya risasi, Kingereza, maandishi ya mutu mwenye subira. Na pale, katika umati ule wote, mimi peke yangu ndiye niliyejua kusoma Kingereza. Miaka mitatu ya masomo ya usiku ilikuwa ikiningojea pale pale.

Kiliandikwa hivi: mpumbu, jike, matumbo na minyoo ya ndani, Kilwa.

Nikasoma mara mbili. Nikaelewa mara moja. Muzungu wa Chola hakuwa anakunywa kitu kile. Aliyalaza matumbo ya samaki ndani yake, ndani ya makopo ya kioo, yasioze!

Aka! Nusu mwaka! Ile roho niliyoisifu, ile harufu ya ziwa, kile kitu cha chini kabisa! Ni minyoo ya mpumbu! Nyuma ya sikio! Kanisani!

"Soma basi, mukwe," shibukombe akasema, kikombe kimefika mdomoni. "Inasema nini?"

Hapa, wewe msiri wangu, hapa ndipo ungamo langu lilipo. Mate yale yalikuwa ujinga, na ujinga unaombewa msamaha. Ningeweza kusema: baba, weka chini, si kitu cha kunywa. Neno moja. Wangenicheka mpaka Mwansabombwe, na ningeokota ile chupa ya mama mukwe, na mambo yangekwisha kwa kicheko.

Nikasema, "Ni jina la mpishi wake. Wanatia katika chupa zilizo bora tu."

"Ahaa!" muzee akasema. Akanywa. Yote. Akafumba macho. Machozi yakamtoka, akayafuta. "Kweli, bazungu ni batu ingine. Hii inashika mutu kooni kama mukono ya mufalme. Na wewe, mukwe? Hunywi?"

Watu wote walikuwa wananiangalia. Nikanyanyua kikombe. Sikutia ndimu, sikuhesabu matone. Nilijua kila kilichokuwa ndani, kwa maandishi! Nikanywa. Kilipita kooni kama kinachotembea chenyewe. Nikatabasamu. Hata kidole cha mwisho nilikisimamisha.

Wanawake walifunga chupa yao kwa lile jani. Mayosenge alisimama, akajipangusa magoti pale nilipotema mate.

"Mukwe ikikataa chombo kimoja," akasema, "imekataa mafiga yote matatu." Wakakusanya vyungu na vile vikombe viwili, wakaenda bila ngoma. Mama mukwe hakugeuka. Niliona mgongo wake tu, ukipita kati ya migomba.

Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba. Huko sitakueleza. Kuku wenyewe walikimbia.

Kesho yake nilimshika Chola shati, karibu nimtie ziwani.

"Ulinipa matumbo!"

"Munandi, niachie! Mimi nilisema ni jin? Nilisema imetoka kwa muzungu. Wewe uliangalia nembo ya chupa niliyoiokota, ukasema jin! Na ile ya kwanza ilikuwa spiriti safi, kutoka kopo lake, haijaguswa na samaki. Ni nani alisema haina roho? Ni nani aliniomba ya namna ile ingine? Ile tulikuwa tunamwaga shimoni!"

Nilimwachia shati. Mbele yangu ziliwekwa jin mbili, na baadaye ya tatu, na pua hii ikachagua ile ya shimoni.

Sikuingizwa. Mwaka ukapita, na mwingine. Shibukombe aliugua tumbo siku mbili, akasema ni kuku wa amatebeto, alikuwa na mafuta mengi. Halafu akapona, na kutoka siku ile anasimulia kila msiba na kila arusi kwamba yeye ni muzee pekee wa pwani hii aliyekunywa jin bora ya wazungu, yenye jina la mpishi ndani. Anaisimulia vizuri kuliko nilivyoidanganya. Unaona nilivyofungwa? Ili niombe msamaha kwa mama mukwe, inabidi niseme nilikuwa nanywa nini. Nikisema hilo, nimemwambia na muzee alichokunywa. Afe akijua? Sikuweza.

Na chupa ya majani ya ndimu? Waliinywa wao wenyewe, kwenye mafiga ya mama mukwe. Shibukombe alikuwepo. "Mukwe," aliniambia, akifikiri ananifariji, "ile haikuwa mbaya. Ilikuwa kama asubuhi." Kama asubuhi! Baada ya hapo askari wa boma walikuta bomba katika matete, wakalipinda. Hakupika tena.

Mwezi uliopita nilimsindikiza Mwape kwao. Yeye na Kaluba wakaingia. Mimi nikaketi mahali pangu, penye ua, jua linapiga. Mara Mwape akatoka ameshika kikombe kimefunikwa na sahani. Nilikijua kikombe kile. Enameli nyeupe. Moyo wangu ukaruka, nakuapia ukagonga kofia.

"Mama amekutumia," akasema.

Nikafunua. Maji. Maji matupu ya ziwa, na tone la ndimu linaelea juu.

"Amesema unywe tu, baba Kaluba," Mwape akasema polepole, kama mutu anayebeba neno asilolielewa. "Amesema haya hayana samaki ndani."

Nikakitazama kile kikombe. Vikombe vilikuwa vyake. Vilirudi kwake siku ile ile, havijaoshwa. Na yeye ni mpishi, mwenye pua ya kweli. Alinusa mara moja, akajua yote: nilichokunywa, alichokunywa muzee, na uongo uliokuwa katikati. Miaka miwili alijua, na hakumwambia hata binti yake, ili muzee wa watu asiaibike, na mimi pia.

Nilikunywa maji yale nikiwa nimesimama. Yalikuwa matamu mpaka nikaona haya. Nikarudisha kikombe na sikuwa na Kifaransa wala Kingereza cha kutuma nacho.

Basi wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, na hasa wewe kijana uliyerudi jana na koti na sertifika: mutu akikupikia kitu, meza kwanza, sifa utazitafuta baadaye. Ukipewa kusoma mbele ya watu wasiojua kusoma, soma kilichoandikwa, hata kama kinakuchoma. Na ukisikia pombe ina harufu ya ziwa, nenda kaangalie ni nani amelala ndani yake.

Mimi narudi kwenye mizani. Wavuvi wananiuliza, profesa, siku hizi unakunywa nini? Nawaambia maji. Wanafikiri nimeokoka.